Kanisa la Germigny na Gharama ya Kurudisha Asili

Umbali wa kilomita 30 hivi kutoka jiji la Orléans, katikati ya Ufaransa, kipo kijiji kidogo kiitwacho Germigny-des-Prés. Kimezungukwa na mashamba na malisho ya bonde la mto Loire, na wakazi wake ni mia kadhaa tu. Mgeni anayepita kwa gari anaweza asitambue kwamba kanisa la kijiji hicho huhesabiwa miongoni mwa makanisa ya kale kabisa nchini humo. Lilijengwa na Theodulf, askofu wa Orléans, na mwaka unaotajwa wa kutabarukiwa kwake ni 806, yaani zaidi ya miaka 1,200 iliyopita.

Hata hivyo, mgeni huyo akishuka na kuweka kiganja chake ukutani, kwa sehemu kubwa atakuwa anagusa mawe yaliyopangwa kati ya mwaka 1867 na 1876. Kanisa hili lilipita katika moto, vita, umaskini na usahaulifu kwa muda wa miaka elfu moja, na bado likabakiza mengi ya siku zake za mwanzo. Kisha wakaja watu waliotumwa na serikali kuliokoa, na katika miaka tisa mengi ya hayo yaliyosalia yakatoweka.

Makala haya yanahusu jambo hilo. Sina nia ya kumcheka fundi aliyekwisha kufa. Nataka kuonyesha kwamba neno “asili”, ambalo wanasiasa na wasomi wa kila zama hulipenda mno, ni neno la kushughulikiwa kwa hadhari, kwa kuwa aghalabu huja likiwa limeshika nyundo.

Mjenzi aliyetoka ugenini

Tuanze na mjenzi. Theodulf hakuwa Mfaranka. Alikuwa Mvisigothi mwenye asili ya Hispania, aliyehamia upande wa kaskazini katika nusu ya pili ya karne ya 8, wakati sehemu kubwa ya rasi ile ilikuwa chini ya watawala Waislamu. Alipokewa katika baraza la Karolo Mkuu, mfalme anayefahamika zaidi kwa jina la Charlemagne. Mfalme huyo alikuwa na desturi ya kuwakusanya wasomi kutoka kila upande: Alcuin alitoka York nchini Uingereza, Paulo Shemasi alitoka Italia, na Theodulf akatoka Hispania. Kwa hiyo ule mwamko wa elimu ambao leo hutajwa kuwa moja ya nguzo za historia ya Ufaransa ulikuwa, kwa kiasi kikubwa, kazi ya wageni.

Kufikia mwaka 798 hivi Theodulf alikuwa askofu wa Orléans. Alikuwa pia abate wa monasteri ya Fleury, iliyoko Saint-Benoît-sur-Loire, jirani kabisa na Germigny. Miongoni mwa maagizo aliyowaandikia mapadre wake limo moja ambalo kila mwalimu anapaswa kulijua: kwamba vijijini na mashambani mapadre wafungue shule, wawapokee watoto wanaoletwa na wazazi wao, na wasidai malipo yoyote isipokuwa kile ambacho wazazi watatoa kwa hiari. Agizo la elimu bila ada kwa watoto wa vijijini lilitolewa miaka 1,200 iliyopita na mtu aliyetoka ugenini.

Germigny ndiko alikokuwa na makazi yake ya shambani, nyumba kubwa ya kiongozi mwenye mali. Kanisa alilolijenga hapo halikuwa la kijiji. Lilikuwa kanisa dogo la faragha la bwana mkubwa, mahali pa kusali yeye na watu wa nyumba yake. Jambo hili tuliweke akilini, maana litatusaidia mbele.

Umbo la jengo

Ramani ya kanisa la mwanzo ilikuwa tofauti na makanisa mengi ya nchi ile. Badala ya ukumbi mrefu unaoelekea altareni, Theodulf alijenga jengo la mraba. Ndani yake zilisimama nguzo nne nene zilizoigawa sakafu katika sehemu tisa, na juu ya sehemu ya katikati ukainuka mnara wenye madirisha ya kuingizia mwanga. Kila upande wa mraba huo, yaani mashariki, magharibi, kaskazini na kusini, ulikuwa na kitokezo cha nusu duara. Matao mengi ya ndani yana umbo la kwato ya farasi, yaani yanajikunja kwa ndani kidogo kabla ya kufika kwenye nguzo. Kila aliyewahi kuona picha za makanisa ya Wavisigothi au za msikiti mkuu wa Cordoba atalitambua umbo hilo.

Mwandishi mmoja wa monasteri katika karne ya 10 alililinganisha kanisa hili na lile ambalo Karolo Mkuu mwenyewe alilijenga Aachen. Yawezekana Theodulf alitaka kweli kumfuata bwana wake, lakini kanisa la Aachen lina pembe nane katikati na la Germigny ni la mraba. Wataalamu wengine wameona mfano wake wa karibu zaidi katika makanisa ya Armenia, na wengine katika yale ya Hispania. Mabishano hayo hayajesha, na kwa hoja yangu si lazima yaishe. Inatosha kuona kwamba jengo linalotajwa kuwa la asili kabisa ya Ufaransa lilikuwa, tangu siku ya kwanza, mkusanyiko wa mambo yaliyotoka mbali.

Kilicho adhimu kuliko vyote kimo katika kitokezo cha mashariki, juu ya altare. Hapo pana mozaiki, yaani picha iliyoundwa kwa kupanga vipande vidogo vya vioo vya rangi na dhahabu. Ukiitazama hutamwona Kristo wala Bikira Maria, kama inavyotarajiwa mahali pa namna hiyo. Utaona Sanduku la Agano, lile lililotengenezwa na Waisraeli jangwani. Juu yake wamesimama makerubi wawili wadogo, na juu zaidi malaika wawili wakubwa wameinama kulielekea, huku mkono wa Mungu ukijitokeza kati yao.

Uchaguzi huo haukuwa wa bahati. Mwaka 787 mtaguso wa Nikea ulikuwa umehalalisha heshima kwa picha takatifu katika makanisa ya Mashariki. Tafsiri ya Kilatini ya maamuzi yake iliyowafikia Wafaranka ilikuwa mbaya, nayo ikazua hasira. Kazi ya kuandika jibu rasmi la Karolo Mkuu ilimwangukia Theodulf. Msimamo wake ulikuwa wa katikati: picha zisivunjwe, kwa maana hupamba na hukumbusha, lakini pia zisisujudiwe, kwa maana ni kazi ya mikono ya wanadamu. Sanduku la Agano, kwa upande mwingine, lilitengenezwa kwa amri ya Mungu mwenyewe. Alipopata nafasi ya kupamba kanisa lake binafsi, Theodulf aliiweka hoja yake ukutani. Kwa hiyo mozaiki ile ni pambo, na papo hapo ni waraka wa kisiasa na kiteolojia ulioandikwa kwa vioo.

Chini yake kuna maandishi ya Kilatini yanayomwalika mtazamaji kulitazama Sanduku na makerubi, kisha yanamwomba alijumuishe jina la Theodulf katika sala zake. Askofu huyo alikuja kuzihitaji sala hizo. Karolo Mkuu alifariki mwaka 814, na mwanawe Louis akarithi kiti. Mwaka 817 Bernard, mfalme wa Italia, aliasi dhidi ya Louis, na Theodulf akatuhumiwa kushirikiana naye. Mwaka 818 alivuliwa uaskofu na kupelekwa kifungoni Angers. Yeye alikana tuhuma hizo, lakini hakurudi tena katika kiti chake, na alifariki miaka michache baadaye.

Kutoka kwa bwana kwenda kwa wanakijiji

Mwenye nyumba alikuwa ameondoka. Haukupita muda mrefu nyumba nayo ikaondoka. Katika karne ya 9 Wanormani walipanda mto Loire kwa mashua zao wakipora na kuchoma. Monasteri ya Fleury ilichomwa mwaka 865, na makazi ya Germigny nayo hayakusalimika. Moto uliteketeza makao ya askofu na kuliharibu kanisa, lakini kanisa halikuanguka.

Yaliyofuata hayana majina. Ni historia ya watu ambao hawakuandika vitabu wala kuandikwa katika vitabu. Tunachojua ni kile ambacho jengo lenyewe lilisema kabla halijabomolewa. Kanisa la faragha la bwana likawa kanisa la parokia. Waliosali humo sasa walikuwa wakulima na wafugaji pamoja na wake zao na watoto wao, nao walikuwa wengi kuliko watumishi wa nyumba ya askofu. Jengo la mraba lenye nguzo nne nene katikati halikuwatosha. Ndipo, kuelekea mwisho wa Zama za Kati, kitokezo cha magharibi kilipoondolewa, na mahali pake ukajengwa ukumbi mrefu wa waumini.

Mpenzi wa sanaa za kale anaweza kusikitika kwamba ulinganifu wa pande nne ulivunjwa. Lakini tujiulize kwa nini jengo hili lilikuwapo hata likaweza kupanuliwa. Majumba ya Theodulf yaliyokuwa kando yake yamekwisha kutoweka, kwa kuwa hayakuwa na wa kuyatumia. Kanisa lilibaki kwa sababu watu walilihitaji: lilibatiza watoto wao na kuwaaga maiti wao. Aliyelibadilisha ndiye huyo huyo aliyelitunza. Nyumba isiyobadilishwa na mtu yeyote kwa muda wa miaka 700 mara nyingi ni nyumba iliyokwisha kuwa gofu.

Wakati fulani, tena bila jina la aliyefanya, mozaiki ya mashariki ilipakwa chokaa. Pengine ilikuwa imechakaa, pengine ilionekana haifai, pengine watu walitaka tu kuta nyeupe na safi. Tunaweza kuuita ujinga tukipenda. Lakini chokaa hiyo iliifunika mozaiki kwa vizazi vingi na kuilinda. Katika miongo ya mwanzo ya karne ya 19 ikagunduliwa tena. Husimuliwa kwamba watoto wa kijiji walionekana wakichezea vipande vya vioo vya rangi walivyoviokota kanisani, na watu wazima walipofuatilia vinatoka wapi, wakaikuta dhahabu chini ya chokaa. Iwe hadithi hiyo ni kweli kamili au imetiwa chumvi, leo mozaiki hiyo ndiyo pekee ya zama za Karolo Mkuu iliyosalia mahali pake nchini Ufaransa.

Serikali inakuja kuokoa

Ili tuelewe kilichofuata, lazima tukumbuke hali ya Ufaransa wakati ule. Mwezi Novemba 1789 Mapinduzi yalizitaifisha mali za Kanisa. Katika miaka iliyofuata makanisa na monasteri nyingi ziliuzwa, zikageuzwa maghala, au zikabomolewa ili mawe yake yauzwe. Kizazi kilichofuata kilijuta. Mwaka 1830 waziri Guizot aliunda cheo cha mkaguzi mkuu wa majengo ya kihistoria, na kuanzia mwaka 1834 cheo hicho kilishikwa na mwandishi Prosper Mérimée, aliyezunguka nchi nzima akiandika taarifa juu ya makanisa yaliyokuwa yakianguka. Mwaka 1840 ilitolewa orodha ya kwanza ya majengo ya kulindwa, yapatayo elfu moja. Kanisa la Germigny lilikuwamo.

Kazi hiyo ilikuwa njema, na bila hiyo tungepoteza mengi. Lakini ndani yake mlizaliwa fikra ambayo mwakilishi wake mkuu alikuwa msanifu Viollet-le-Duc. Yeye alifundisha kwamba kukarabati jengo si kulitunza wala kuliziba nyufa tu, bali ni kulirudisha katika hali kamilifu, hata kama hali hiyo huenda haikuwahi kuwapo wakati wowote. Msomaji alitafakari fundisho hilo. Maana yake ni kwamba msanifu, kwa elimu yake, anajua jengo lilivyopaswa kuwa, kuliko jengo lenyewe linavyosema lilivyokuwa.

Mwaka 1867 kazi ya Germigny ilikabidhiwa kwa msanifu Juste Lisch. Kuta zilikuwa dhaifu na hatari ilikuwa ya kweli. Lisch aliamua kwamba dawa ni kubomoa na kujenga upya. Kwa muda wa miaka tisa kuta za Theodulf zilishushwa kwa sehemu kubwa na mpya zikainuliwa mahali pake. Ukumbi wa waumini nao ulijengwa upya. Nakshi za lipu zilizokuwa zimepamba ndani ziliondolewa, na baadhi ya vipande vyake, pamoja na vichwa vya nguzo vya kale, vikaishia kwenye makumbusho mjini Orléans. Kilichobaki kwa hakika ni kitokezo cha mashariki pamoja na mozaiki yake, nayo pia ikiwa imefanyiwa matengenezo katika karne hiyo hiyo.

Matokeo yake ni jengo nadhifu. Ukiingia leo utaona matao safi, mawe yaliyonyooka na mwanga mzuri. Lakini mtafiti anayetaka kujua waashi wa mwaka 806 walichanganyaje chokaa yao, moto wa Wanormani ulifika wapi, au wanakijiji waliziba vipi tundu la ukuta, hana pa kusoma. Kurasa hizo zimechanwa. Mahali pake pamewekwa muhtasari ulioandikwa na msomi wa karne ya 19 juu ya kile alichodhani kilikuwamo.

Mgala muue, na haki yake mpe

Wahenga walisema Mgala muue na haki yake mpe. Lisch hakuwa mharibifu. Alikuwa mtaalamu wa daraja la juu, akifuata elimu bora ya wakati wake, kwa fedha za umma na kwa nia ya kuokoa. Laiti angeliacha jengo lilivyo, huenda lingeanguka, na leo tungekuwa tunamlaumu kwa uzembe. Ndiyo maana kisa hiki kinatufaa: angekuwa mtu mbaya, tungemlaani na kupita. Kosa halikuwa katika nia yake. Lilikuwa katika imani kwamba ndani ya kila jengo umefichwa wakati mmoja ulio wa kweli kuliko nyakati nyingine zote, na kwamba nyakati hizo nyingine ni uchafu wa kukwanguliwa.

Imani hiyo ilianza kupingwa mapema. Mwaka 1877, mwaka mmoja tu baada ya kazi ya Germigny kukamilika, William Morris alianzisha Uingereza jumuiya ya kulinda majengo ya kale dhidi ya ukarabati wa namna hii hii. Mwaka 1964 wataalamu wa mataifa mbalimbali waliokutana Venice walikubaliana kwamba ukarabati ukome pale ambapo kukisia kunaanzia, na kwamba michango halali ya zama zote katika jengo iheshimiwe. Kwa maneno mengine, walikubali kwamba mkulima aliyepanua kanisa ana haki ndani yake sawa na askofu aliyelijenga. Kwa Germigny makubaliano hayo yalichelewa kwa karibu miaka 90.

Swali la nani mwenye jengo halijaisha. Sheria ya mwaka 1905 iliyotenganisha dini na dola, pamoja na sheria zilizoifuata, iliyaacha makanisa mengi ya parokia yaliyokuwapo wakati huo kuwa mali ya halmashauri za miji na vijiji. Ndiyo kusema meya wa kijiji cha watu 300, awe mwumini au asiwe, anabeba mzigo wa paa la karne ya 12. Ripoti ya Seneti ya Ufaransa ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba majengo ya ibada kati ya 2,500 na 5,000 yanaweza kuuzwa, kutelekezwa au kubomolewa ifikapo mwaka 2030. Mengi ya hayo hayana mozaiki wala askofu mashuhuri. Yana historia ya watu wasio na majina tu, na historia hiyo ndiyo isiyopata mfadhili kwa urahisi.

Nihitimishe kwa kurudi kwenye siasa, kwa maana hatukuwahi kutoka humo. Kila zama huwa na wanaoahidi kuirudisha jamii katika asili yake: dini ilivyokuwa, taifa lilivyokuwa, mila zilivyokuwa. Germigny inatufundisha kuwauliza watu hao maswali mawili kabla hatujawakabidhi funguo. Kwanza, asili hiyo ni ipi, na ni nani aliyeichagua? Maana asili ya Germigny yenyewe ilijengwa na mhamiaji, kwa matao ya Hispania na mozaiki ya kupinga mtaguso wa Mashariki. Pili, ili tuifikie, ni nini kitakachobomolewa, na je, kilichobomolewa hakikuwa ndicho kilichoibeba asili hiyo hadi kwetu?

Maandishi yaliyo chini ya mozaiki bado yanamwomba mtazamaji amkumbuke Theodulf, na ni haki akumbukwe. Lakini hakuna maandishi yanayotuomba tumkumbuke yule mtu wa kijijini aliyeshika ndoo ya chokaa na kuipaka juu ya Sanduku la Agano. Alificha kile ambacho hakukijua thamani yake, na kwa kukificha akakiokoa. Waliokijua thamani yake walipofika, hicho ndicho karibu kitu pekee cha Theodulf walichotuachia.